Karibu Kindu, lakini lete kwanza garanti ya miezi kumi

Wandugu vijana,

Karibu kila juma mmoja wetu anapokea simu ya namna moja. Ni rafiki tuliyesoma naye, ao mtoto wa shangazi, ao mtu aliyepewa namba yetu na mtu mwingine. Anasema: "Nimepata kontra ya miezi sita huko Kindu, munitafutie chumba." Ao: "Ninakuja kusoma UNIKI, niko na vitu vichache tu." Tangu Goma ilipoanguka mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili, simu zingine zinasema tu: "Tuko njiani."

Nasi tunatoka kutafuta. Tuna diploma, tuna miguu, na asubuhi hakuna ofisi inayotungojea. Hivyo tumeijua Kindu lupango kwa lupango, na tumejua jambo moja ambalo wakubwa hawapendi kulizungumza: mtu anayehamia mji huu hashindwi na mvua, wala njia mbaya, wala giza la usiku. Anashindwa mlangoni, siku anapoulizwa garanti.

Sheria ya inchi inasema garanti ya nyumba ya kulala isipite miezi mitatu. Kindu tunaombwa sita, nane, kumi. Wengine wanaomba mwaka mzima. Na tukiisha kulipa, hatupewi hata kikaratasi.

Namna nyumba inatafutwa hapa

Kwa wale wasiojua, tueleze.

Unaanza na komisyonere. Unampa kwanza feza ya kutembelea, hata kama hutapenda chumba chochote. Unalipa pikipiki, ya kwako na ya kwake. Anakupeleka Kasuku, karibu na ofisi za serikali, na bei inakufukuza. Anakupeleka Mikelenge, unakuta chumba kizuri, lakini kimoja kinaombwa na watu watano, na mwenye nyumba anamchukua yule mwenye miezi mingi mkononi. Jioni anakuambia: "Basi vuka, uende Alunguli, kule iko bei ya chini." Ni kweli iko bei ya chini. Lakini Alunguli iko ngambo ya mto na daraja hatuna. Kila asubuhi utalipa pirogi, kila jioni utalipa tena, na siku ya upepo utabaki kusimama kando ya maji ukitazama ofisi yako kwa mbali. Mwisho wa mwezi ukihesabu, ile bei ya chini imepanda.

Kisha kuna maulizo. "Uko na bibi?" Ukisema hapana, wanaogopa kwamba utajaza lupango wageni na muziki. "Unatoka wapi? Ni kabila gani? Unatumika wapi?" Ukisema unatafuta kazi, mazungumuzo yamekwisha. Na kama ni binti, ni mabaya zaidi: "Bwana yako iko wapi?" Kwao binti anayepanga peke yake si mtu anayetafuta maisha. Ni mashaka.

Tuna dada mmoja kati yetu. Hatutasema jina lake. Alisoma uuguzi, akatoka Kasongo juu alipata kazi ya miezi sita hapa. Malupango manne yalimkataa kwa sababu hana bwana. Kwa la tano alimleta kaka yake, kaka akajifanya ndiye lokatere, na mlango ukafunguliwa. Garanti ilikuwa miezi minane. Alikopa kwa jamaa akalipa yote, mbele ya kaka na komisyonere, bila karatasi. Mwezi wa tano mwenye nyumba alimwambia atoke, kuna ndugu yake anarudi kutoka machimbo na anahitaji chumba. Dada akaomba garanti yake. Jibu likawa: "Feza nilikwisha kununua manjanja. Ungojee lokatere mwingine aingie." Lakini aliyeingia alikuwa ndugu, na ndugu halipi garanti.

Leo dada huyo analala na mabinti wengine wawili katika chumba kimoja. Kontra yake imekwisha. Deni la jamaa halijaisha. Alienda wapi kulalamika? Hakuenda. Alituambia: "Nitaonyesha nini? Jina langu halikuandikwa popote."

Tuhesabu pamoja

Tuseme chumba kimoja ni dola 25 kwa mwezi. Miezi kumi ni dola 250. Komisyonere anachukua mwezi mmoja, dola 25. Umefika dola 275 na hujanunua godoro, bidoni, babula, wala kufuli ya mlango. Kwa miezi mitatu ya sheria garanti ingekuwa dola 75. Tofauti ni dola 175.

Nani kati yetu iko na dola 175 za kuweka mfukoni mwa mtu mwingine? Mwanafunzi wa staji anayepewa feza ya transpoti tu? Mwalimu mpya, wale tunaowaita NU, anayefundisha bila kuingia kwenye listi ya mushahara? Mama aliyekimbia vita na watoto wanne? Wenye uwezo huo ni wachache, na wengi wao wana nyumba tayari.

Ndiyo maana tunasema garanti ya miezi kumi inachagua watu. Inaacha inje kijana aliyekuja kufanya kazi, inapokea yule ambaye baba yake anaweza kulipa. Kisha tunashangaa kwamba mganga hakai Kindu, kwamba mwalimu aliomba kurudishwa kwao, kwamba wenye kusoma wote wanatazama Kinshasa na Lubumbashi.

Mwenye nyumba naye ni mtu

Hatukuja kuwatukana wenye nyumba. Wengi wao si matajiri. Ni mama zetu.

Tuliketi na mama mmoja wa Mikelenge, mjane, mwenye vyumba vitatu vya matofali nyuma ya nyumba yake. Tulimwambia habari ya miezi mitatu. Alitusikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Wanangu, benki gani itanipa mimi mkopo? Benki yangu ni ile garanti. Ndiyo ilisomesha mtoto, ndiyo iliezeka hiki chumba cha tatu." Akatuonyesha ukuta wa cha nne, umefika magotini, unangojea lokatere mwingine.

Simenti haitengenezwi Kindu. Inakuja kwa reli kutoka kusini, ao kwa njia zingine ndefu, na kila mahali inaposhushwa na kupakiwa tena bei inaongezeka. Mtu asiye na mushahara wala mkopo anajenga kwa nini? Kwa feza ya mpangaji. Hivyo garanti imekuwa mkopo bila riba, na anayeutoa ni kijana asiye na kazi.

Mama huyo akaongeza neno moja, nalo lilituchoma. Lokatere wake wa mwisho alidaiwa miezi mitatu. Usiku mmoja alibeba vitu vyake pamoja na kufuli ya mlango, akapotea. "Alikuwa mwanafunzi," akasema, "kijana kama ninyi, anazungumza vizuri." Tulinyamaza. Mmoja wetu alimjua yule kijana.

Kwa hiyo tuseme ukweli wote. Mwenye nyumba anaomba miezi kumi kwa sababu anaogopa. Mpangaji anatoroka usiku kwa sababu anajua garanti yake haitarudi. Kila mmoja anajilinda kwa kumuumiza mwenzake, na hakuna anayelindwa. Dawa ya hofu hiyo haiko katika kuongeza miezi. Iko katika karatasi, na katika mtu wa tatu anayesimama katikati.

Sheria iko, haikuvuka mto

Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 desemba 2015 inasimamia upangaji wa nyumba za watu. Si ahadi ya kampeni, ni sheria ya jamhuri. Inaweka mpaka wa garanti kwa nyumba ya kulala: miezi mitatu. Inataka makubaliano yaandikwe. Na garanti ni mali ya mpangaji: akitoka bila deni wala uharibifu, inarudi kwake.

Juu ya sheria hiyo kuna Katiba ya 2006. Kifungu cha 30 kinampa kila mtu haki ya kutembea katika inchi na kuchagua mahali pa kukaa. Kifungu cha 48 kinataja haki ya nyumba inayofaa, maji safi na umeme. Tunaposoma kifungu hicho usiku kwa taa ya simu, na bidoni ya kisima iko pembeni, tunacheka kidogo. Lakini maandishi yapo, na mambo ya umeme na maji yanaomba mamilioni. Jambo la garanti linaomba nini? Kalamu, karatasi, na mkubwa mmoja wa komini aliyeamua kufanya kazi yake.

Tumesikia jibu hili mara nyingi: "Hiyo sheria ni ya Kinshasa, hapa ni Kindu." Hapana. Kodi tunayolipa sokoni ni ya Kindu, bendera inayopanda asubuhi ni ya Kongo. Hatuwezi kuwa Wakongo siku ya kulipa na wageni siku ya kudai.

Tujue pia kwamba hatuko peke yetu. Wenzetu wa Dar es Salaam wanalia na madalali na kodi ya miezi sita, hata kumi na miwili, kwa mara moja. Kule Nairobi kwa kawaida mpangaji anaingia kwa mwezi mmoja wa kukaa na mwezi mmoja wa dhamana. Na kule nako wenye nyumba wanaogopa, wapangaji wanatoroka, simenti inauzwa ghali. Mji unaweza kuishi bila miezi kumi.

Wengine wanakataa karatasi kwa sababu ya kodi. Hilo tunalifahamu: kodi ya mapato ya nyumba ni ya jimbo, na mwenye nyumba anaona kwamba akiandika tu, maajenti watafika mlangoni, mmoja na kitabu cha kodi, wawili nyuma yake wanaomba "ya kahawa". Hofu hiyo ina sababu. Basi tunasema wazi kwa wakubwa wa jimbo: tukiomba sheria ifuatwe, hatuombi mufungue soko jipya la kusumbua wajane. Kodi ilipwe kwa njia inayojulikana, na risiti, na iishie hapo.

Kindu ilijengwa na waliohamia

Wengine watasema tunawatetea wageni. Tuwaulize: Kindu ni ya nani? Mji huu ulikua mahali reli ilipokutana na mto. Wabelgiji waliuita Port-Empain. Watu walikuja kuvuta mizigo, kuendesha mashua, kutengeneza mashini, kuuza samaki. Walitoka kusini na reli, walitoka kaskazini na maji, walitoka porini kwa miguu. Hata hiki Kiswahili tunachogombana nacho kilifika Maniema na misafara ya karne ya 19, katika siku za machungu, kikabaki kikawa chetu. Malupango mengi ya hapa yana babu aliyefika na mzigo kichwani akapewa mahali pa kulala. Hakuna aliyemuomba miezi kumi.

Wazee walituachia neno: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwalimu akikaa, mtoto wako anasoma. Muuguzi akikaa, mama yako anapimwa. Akishindwa chumba, anapanda pikipiki na kurudi alikotoka, na sisi tunabaki na vyumba vyetu.

Kwa wewe unayekuja

Mpaka siku sheria itakapovuka mto, tunakupa yale tuliyojifunza kwa kuumia.

Usilipe siku unapoona chumba mara ya kwanza. Rudi wakati wa mvua, utazame manjanja yanavuja wapi na maji ya lupango yanakimbilia wapi. Uliza maji yanatekwa wapi mwezi wa saba wakati wa kiangazi, si sasa tu. Uliza choo kimoja kinatumiwa na watu wangapi. Kama ni Alunguli, vuka saa ile ile utakayokuwa ukienda kazini, na urudi saa utakayotoka.

Andika. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha kuanza: jina la mwenye nyumba, jina lako, chumba, bei, garanti, tarehe, sahihi mbili, mashahidi wawili. Mmoja wa mashahidi awe shefu wa avenyu. Kama jina lako haliko kwenye karatasi, kesho hutakuwa lokatere. Piga picha za kuta, mlango na dirisha siku ya kuingia, mbele ya mwenye nyumba. Kila mwezi ukilipa, omba risiti, hata iwe imeandikwa kwa mkono.

Halafu ukae na watu. Jionyeshe kwa shefu wa avenyu siku za kwanza. Salimia kila mlango wa lupango, anza na mama mkubwa zaidi. Siku ya salongo toka na jembe, usitume mtu. Ukiona mwezi utakuwa mgumu, sema mapema, usingoje kuulizwa. Wenye nyumba wengi tuliozungumza nao wanasamehe kuchelewa. Kutoroka ndiko hawasamehi, na anayelipa deni la kutoroka kwako ni kijana atakayekuja nyuma yako.

Tunaomba nini

1. Kwa meya wa mji na maburugumestri wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli: mupange tangazo kwa Kiswahili kwenye kila ofisi ya komini, kila kartie na redio za hapa, likisema kwamba garanti ya nyumba ya kulala ni miezi mitatu na kwamba makubaliano yanaandikwa.

2. Kwa serivisi ya abita: muweke karatasi moja ya mfano, rahisi, ya Kiswahili na Kifaransa, ambayo kila mtu anaweza kuchukua na kujaza. Mtu akija na malalamiko asikilizwe na pande zote mbili ziitwe, bila kuombwa feza ya faili.

3. Kwa mashefu wa avenyu: mukubali kuwa mashahidi. Ninyi ndio munajua nani anaingia na nani anatoka. Sahihi yenu inaweza kuzuia nusu ya magomvi.

4. Kwa makomisyonere, wengi wenu mukiwa vijana wasio na kazi kama sisi: mule jasho lenu, hatuwakatazi. Lakini musimpandishie mwenye nyumba miezi kichwani. Tunajua nani anamnong'oneza mama: "Omba kumi, atapata."

5. Kwa wenye nyumba: papa zetu, mama zetu, mukubali miezi mitatu na karatasi, na mupangishe binti aliye peke yake kama munavyopangisha kijana. Yeye analipa kwa feza ile ile.

Na sisi tunajifunga. Tutaitafsiri sheria hii kwa Kiswahili chepesi na kuisambaza kwa simu zenu. Tutamsindikiza kila kijana anayeogopa kwenda peke yake kwa serivisi ya abita, tukianza na dada yetu wa Kasongo, ambaye amekubali kaka yake aje kutoa ushuhuda. Na mpangaji akitaka kutoroka usiku tukamjua, tutamzuia mlangoni na kumrudisha kwa mama mwenye nyumba wazungumze. Kuhusu yule mwanafunzi wa Mikelenge, tumekwisha kumpigia simu. Ameanza kulipa, kidogo kidogo.

Hatuombi nyumba za bure. Tunaomba miezi mitatu, karatasi moja, na mlango usiofungwa kwa sababu ya jina, kabila ao kukosa bwana. Mji unaojua kupokea ndio unaokua, na sisi tunataka kukua hapa.

Kama uliwahi kupoteza garanti yako Kindu, tuandikie. Tuanze kuhesabu pamoja.

Sisi vijana wa Kindu